Kunja Kabla ya Chai

Naomba nianze kwa kutamka wazi, kwa heshima zote anazostahili mtumishi wa umma, kwamba Mwalimu Ngailo hakuwa nguruwe. Alikuwa mwalimu wa nidhamu. Alikuwa na tai ya kijani, viatu vinavyolia, na pua iliyoweza kunusa jojo kutoka upande wa pili wa uwanja. Nguruwe nilimfanya mimi, asubuhi moja ya Jumanne, kwa vidole vitatu.

Ukungu wa shule yetu ya Lugendamo ulikuwa umeegemea madirisha ya ofisi kama mgeni asiyeaga. Mimi ndiye monita wa ofisi. Cheo hiki hupewa msichana mwenye vidole vyepesi kwenye kibodi. Wako wanaosema hupewa msichana ambaye shule inalala salama zaidi ikijua yuko karibu na macho ya Bi. Luvanda, karani wa shule. Sijawahi kupinga.

"Nukta," alisema Bi. Luvanda, kama asemavyo kila asubuhi.

Nikabandua nukta yangu nyuma ya sikio, nikaiweka kwenye kisahani kando ya yake. Zikakaa pale kama punje mbili za mtama. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya ofisi: anayegusa Mpangilio, ile orodha ya shule nzima kwenye kompyuta, huvua nukta kwanza, la sivyo atasahau anachobadilisha kabla hajamaliza kukibadilisha.

Bila nukta kichwa huwa kama chumba kilichohamwa. Unaingia, unaona alama za fanicha sakafuni, unajiuliza hapa palikuwa na nini. Nukta ndiyo inayosoma Mpangilio na kukunong'oneza: huyu ni fulani, wa bweni fulani, huyu unampenda, huyu mwogope, sasa geuka kushoto. Bibi yangu anasema zamani watu walijibebea hayo yote wenyewe. Nadhani ndiyo maana kizazi chao kiliumwa sana kichwa.

Bi. Luvanda alimaliza kazi za asubuhi. Alimwingiza mwalimu mpya wa jiografia, watu wakamfahamu. Aliwashusha wenye adhabu chini ya mistari ya walimu waliowaadhibu, maana ndivyo tufanyavyo hapa: mkosaji hukaa chini ya mwalimu wake mpaka saa kumi jioni, kisha mtu wa ofisi humrudisha alikotoka. Halafu akapita Mpangilio mzima kutoka juu hadi chini akikunja kila kichwa, mabweni, walimu, jiko, zahanati, mpaka skrini ikabaki safi kama meza iliyofutwa.

"Kunja kabla ya chai," alisema, akibandika nukta yake nyuma ya sikio. "Ukiacha wazi, vumbi linaingia."

Vumbi gani, sikuuliza. Alivaa sweta, akaenda kwenye chai yake, ambayo kwa kawaida huwa ndefu kuliko misa ya Krismasi.

Nilikuwa na sababu yangu. Asubuhi ile, mstarini, Odilia alikuwa amecheka. Odilia Mgaya ni rafiki yangu. Kitanda chake kiko jirani na changu katika bweni la Mtorwe, na kicheko chake kinatoka kama pampu ya kisima inayovuta hewa, kwa mikoromo mitatu mikavu, kisha maji. Huwezi kukisikia ukabaki na heshima yako. Mwalimu Ngailo alikisikia akabaki nayo. Akampa adhabu.

Kwa hiyo nilifungua kichwa cha Walimu, nikashuka kwa mshale mpaka kwenye jina lake, nikabonyeza Kontroli na A.

Mstari ukawa wa bluu.

Nikatazama dirishani. Mwalimu Ngailo alikuwa katikati ya uwanja akielekea madarasani. Alisimama. Mguu mmoja ulibaki juu, haujakanyaga. Ndivyo inavyokuwa: mtu akichaguliwa, husubiri. Wenyewe hawajui. Ukiwauliza baadaye husema walihisi ubaridi kidogo shingoni.

Nikashika Alt na Shifti, nikagonga mshale wa chini. Mwalimu akageuka kuelekea jikoni, akapiga hatua mbili. Nikagonga tena: zahanati. Akakohoa, akashika kifua. Nikagonga tena: bustani. Akainama akang'oa gugu moja, akalitazama kwa upendo. Nikagonga mara ya mwisho, nikamfikisha kwenye Mifugo, nikabonyeza Tab kumtia ndani, na kwa kuwa mimi si mtu wa kufanya kazi nusunusu, nikampandisha mpaka juu kabisa ya orodha ya nguruwe, juu ya Nguruwe wa Kwanza.

Mwalimu Ngailo akanyoosha tai yake. Akashuka polepole kuelekea mabandani, mpaka ukungu ukamfunika. Nadhani niliona kivuli cha pili kikimfuata. Lakini ukungu wa Lugendamo una vivuli vingi, nami nilikuwa nacheka.

Niliiacha nukta yangu kisahanini kwa makusudi. Mzaha ambao mtungaji wake ameusahau ni hasara tupu.

*

Wakati wa uji nilisimama mlangoni mwa bwalo nikisubiri shule nzima iangue kicheko. Vijiko viligonga bakuli. Watu walipuliza uji. Hakuna aliyecheka.

Nikamwendea dada mkuu. "Samahani dada, Mwalimu Ngailo yuko wapi?"

"Nani?"

"Ngailo. Mwalimu wa nidhamu."

Alinitazama kwa huruma. "Ikupa, hatuna mwalimu wa nidhamu. Tuna nidhamu."

Nilitaka kumsimulia Odilia hilo kabla halijapoa. Nikaenda kwenye meza yetu. Alipokuwa akikaa siku zote, kati yangu na ukuta, hapakuwa na nafasi. Wasichana walikuwa wamesogea wakaziba, viwiko kwa viwiko, bila hata mmoja kuonekana amebanwa.

"Odilia yuko wapi?"

"Odilia wa nani?" akauliza mmoja, na kijiko chake hakikusimama.

Meza ya jirani alikaa Restituta, wa Kidato cha Nne, bweni la Kipengere. Kila siku Restituta huchukua vikombe viwili vya uji. Kimoja hukinywa. Cha pili hukiweka kushotoni kwake mpaka kipoe, kisha hukinywa nacho, akiwa na uso wa mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Tulishamtungia utani wa kila aina. Asubuhi ile, bila nukta, niliukuta utani wote umenikauka mdomoni. Kikombe kilikuwa kinatoa mvuke mbele ya kiti kitupu.

Mpishi Kilave akanishika bega. Mkono wake ulikuwa na ndoo ya maganda ya viazi.

"Wewe usiye na kazi, peleka hii mabandani. Wale wawili wa juu wapewe vizuri. Mzee Nyalusi kashafika na visu vyake, maji yanachemka. Mahafali ni kesho, na yeye huanza na wa juu."

"Wawili?"

"Mwenye tai, na yule mdogo anayemfuata."

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Ndoo niliiacha hewani, kwa jinsi nilivyosikia ikianguka.

*

Walikuwa wamekaa kwenye majani makavu, pembeni. Nguruwe wenyewe walikuwa wamesogea upande mwingine, wamewaachia nafasi, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwa viranja.

Mwalimu Ngailo alikaa wima, mikono magotini. Pembeni yake alikaa Odilia, sketi imefunika magoti vizuri, akila ganda la kiazi kuanzia ncha moja hadi nyingine. Hakuwa na haraka. Alikuwa amenyooka sana.

"Odi."

Akainua macho. Alinitazama kama unavyotazama ndoo, kuona kama ina kitu ndani. Alipoona niko mikono mitupu, akarudi kwenye ganda lake.

"Odi, ni mimi. Nimemfanya Ngailo nguruwe. Cheka."

Hakucheka. Nikaingia, nikamshika mkono nikamvuta. Alikuwa mzito kuliko nilivyomjua, na alitoa sauti. Sitaieleza sauti ile. Nilimwachia, naye akarudi palepale alipokuwa, penye shimo la umbo lake kwenye majani, akajipanga ndani yake.

Nje ya banda Mzee Nyalusi, mchinjaji, alikuwa ananoa kisu huku akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiwazoee hao. Kesho utashindwa kula."

"Mzee, yule amevaa tai."

Akachungulia. Ana macho mema, Mzee Nyalusi. Hutuletea matunda damu kila msimu. Nyuma ya sikio lake nukta iling'aa kidogo. "Naona," alisema. "Kila mnyama na alama yake."

"Na yule mwingine amevaa sketi ya shule. Ni mtu, mzee! Anaitwa Odilia!"

"Usipige kelele karibu nao, binti. Wakipata hofu nyama inakuwa ngumu." Akajaribu makali kwa kidole gumba. "Maji yakichemka naanza. Nenda darasani."

*

Kitufe cha Z hakipo kwenye kibodi ya ofisi yetu. Palipokuwa Z pana tundu, na ndani ya tundu pana gundi ya zamani. Karani aliyemtangulia Bi. Luvanda alikuwa na binti hapa shuleni; binti akafa kwa homa ya mapafu, akahamishiwa chini ya Marehemu kama ilivyo taratibu. Usiku wa mazishi yule baba alishika Kontroli na Z, akaitengua ile hatua. Muhula mzima binti yule alitandikiwa kitanda, akapakuliwa chakula, akaitwa jina asubuhi na darasa zima likageuka kumtazama anavyoitika. Walimu walimsahihishia mitihani na kumpa sifuri. Baada ya hapo bodi ikaleta koleo.

Kwa hiyo nilipoanguka kwenye kiti cha ofisi, nikihema, nilijua hapana kutengua. Ilikuwepo mishale tu. Ilinibidi nimrudishe kwa njia ileile niliyompeleka, hatua kwa hatua.

Nikafungua Mifugo. Ngailo, juu kabisa. Kando ya jina lake palikuwa na pembetatu ndogo iliyolala ubavu, ambayo asubuhi sikuitazama. Pembetatu iliyolala maana yake mstari umekunjwa, kuna kitu ndani. Nikabonyeza mshale wa kulia. Pembetatu ikasimama, na chini yake, imesogea ndani kidogo, ikatokea: Odilia Mgaya.

Mstari uliokunjwa hubeba vyote vilivyo tumboni mwake. Hilo hufundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo. Uliofunguliwa huchaguliwa kwa awamu: Kontroli na A mara moja unachukua jina peke yake, mara mbili unachukua jina na walio chini yake, mara tatu unachukua shule nzima. Kwa haraka yangu nilipitiliza. Nilibonyeza mara tatu.

Skrini yote ikawa bluu.

Nje, Lugendamo ikanyamaza. Vijiko vilikoma bwaloni. Fagio lililokuwa likifagia ukumbini likakoma katikati ya mfagio. Hata kisu cha Mzee Nyalusi, nilichokuwa nakisikia kwa mbali kikisugua jiwe, kilikoma. Shule nzima ilisimama mguu mmoja juu, ikinisubiri, na kidole changu kilikuwa hatua mbili kutoka kitufe cha kufuta. Nawahakikishia kwamba mimi, ambaye niliwahi kuziba mabomba ya bafuni kwa ugali, sikuona mzaha wowote wa kufanya. Nilibonyeza mshale taratibu, bluu ikaondoka, na kisu kikaendelea.

Mara mbili, safari hii. Ngailo na Odilia wakawa bluu. Shifti na Tab kuwatoa Mifugo. Alt, Shifti, mshale wa juu: bustani. Juu: zahanati. Juu: jiko. Juu: Walimu. Tab.

Kwanza kimya. Halafu, kutoka mabandani, sauti niliyokuwa naichukia kwa moyo wangu wote tangu Kidato cha Kwanza, ikanguruma:

"Wewe mzee! Kisu hicho cha nini mbele ya mwanafunzi?"

Nililaza kichwa mezani. Sijawahi kusikia muziki mtamu kiasi kile.

Basi ikabaki kumfungua Odilia adhabu yake kabla ya saa. Nilichagua mstari wake peke yake. Dirishani nilimwona ametokeza uwanjani, ana majani makavu kwenye nywele, akasimama mguu juu. Na hapo ndipo nilipoona kwamba mstari uliofunguliwa ukichaguliwa, pembeni yake hutokea maandishi ya kijivu, madogo: ulikotoka. Sikuwa nimewahi kuyaona. Bweni la Mtorwe Bi. Luvanda hulikunja yeye mwenyewe, kila siku, kabla hajaniachia kiti.

Yalisema: Ametoka chini ya Ikupa Mwakalobo, kwa ajili ya kumtuliza. Kabla ya hapo, chini ya Restituta Mgaya, dada yake.

Nilisoma mara ya pili. Nilisoma mpaka maneno yakawa michoro tu.

"Umefungua," alisema Bi. Luvanda mlangoni.

Alivua nukta, akaiweka kisahanini. Uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu anayetoka kwenye maji. Akaitazama skrini, akatazama dirisha, akavuta kiti.

"Mkorofi wewe," alisema, bila hasira. "Siku utakayoua mtu ndipo utakapolala."

"Madamu, Odilia ana dada?"

"Anaye."

"Restituta anajua?"

"Angejuaje? Amehamishwa." Akachukua kitambaa akaanza kufuta kibodi pembeni ya vidole vyangu. "Wewe Kidato cha Kwanza ulikuwa moto. Mabomba, kengele, yule mbuzi kwenye maktaba. Mkuu wa shule alitaka ufukuzwe. Mimi nikasema, mtoto huyu hana mwenzake, mtafutieni. Tukatazama nani ana moyo mwepesi, nani anacheka upesi. Tukakuwekea chini yako. Ukatulia."

"Sikutulia!"

"Ulitulia kiasi."

"Na mama yao?"

"Alitia saini. Huja siku ya wazazi, anakaa na huyu, halafu anakwenda kukaa na yule."

Nilimkumbuka. Mama mfupi mwenye kitenge cha zambarau, anayetoka kwenye benchi letu na kwenda kukaa benchi la Kipengere na chapati zilizobaki. Nilidhani ni mkarimu tu.

Odilia alikuwa bado amesimama uwanjani, mguu juu. Ukungu ulikuwa unapita katikati yetu, unamfuta na kumwandika upya.

"Usimchoshe," alisema Bi. Luvanda. "Mrudishe. Njia ni mbili, zote zina mishale."

"Nikimrudisha kwa dada yake?"

"Hatakujua. Na wewe ukivaa nukta hutamjua. Hakuna atakayelia, ndiyo uzuri wake."

"Na nikimrudisha kwangu?"

"Jioni mtacheka kama kawaida."

"Na Restituta?"

"Restituta ana vikombe vyake."

Vidole vyangu vikaamua kabla yangu. Alt, Shifti, juu, juu, juu, Tab: chini ya Ikupa Mwakalobo. Bluu ikazimika. Mguu wa Odilia ukatua. Akageuka kuelekea ofisini, akaniona dirishani, na uso wake wote ukafunguka. Akapunga mkono wake ule mrefu usiojua kiasi, kama mtu anayezuia lori. Nilimpungia. Nilikuwa nimempata. Ingetosha kubandika nukta, na jioni nisingejua kwamba kulikuwa na jambo la kujua.

Lakini sikuwa nimeibandika, na nilikuwa nimeona uso ule dakika moja kabla haujawashwa.

Nikamchagua tena. Akasimama, mkono hewani, tabasamu lake lote usoni, likisubiri. Nililitazama muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa na adabu.

"Bluu isikae sana," alisema Bi. Luvanda. "Watoto wanapata baridi."

Shifti na Tab. Alt, Shifti, juu. Juu. Bweni la Kipengere. Restituta Mgaya. Tab.

Mkono ukashuka. Tabasamu halikuzimika ghafla. Lilipungua taratibu, kama watu wanavyotoka kanisani. Alitazama huku na kule, akatoa majani kichwani, akaelekea Kipengere kwa mwendo ambao sikuujua, wa mtu anayeitwa.

Bi. Luvanda alifungua Mtorwe. Chini ya jina langu palikuwa na kitone kimoja cha mviringo, na mbele yake hapakuandikwa kitu.

"Pamebaki wazi," alisema. "Kesho nitakutafutia mwingine. Kuna mmoja wa Kidato cha Pili, mchangamfu sana."

"Usinitafutie, Madamu."

"Utapata taabu."

"Nitaipata mwenyewe."

Alinitazama, kisha akatazama kisahani. Nilichukua nukta yangu, nikaishika kidogo, nikaitia mfukoni.

*

Asubuhi ya mahafali Restituta alichukua vikombe viwili vya uji, na vyote viwili vilinywewa vikiwa vya moto. Alikuwa anamshika Odilia mkono wa sweta kila baada ya muda, anauachia, anaushika tena, na kwa uso wake ungeapa kwamba hajui kwa nini. Mimi nilikaa karibu na ukuta. Wasichana wa meza yangu waliongea kunipita, maana nukta zao ziliwaonyesha Ikupa na kitone kitupu tu. Sikuweza kukumbuka majina ya nusu yao. Jina moja nililirudia kimoyomoyo mpaka ulimi ukalizoea.

Mstarini, Mwalimu Ngailo alipanda jukwaani. Tai imenyooka. Kwenye kola yake, nyuma, palikuwa na unyasi mmoja mkavu ambao hakuna aliyeuona.

"Nidhamu," alisema, akatuacha tungoje, kama desturi yake. "Nidhamu ni nini?"

Ukungu, kimya, shule nzima wima. Nukta zote zilikuwa zinanong'ona: nyamaza. Mimi sikuwa na wa kuninong'oneza. Nikavuta pumzi, nikakoroma kama nguruwe, koromo refu, la dhati, lenye pua na koo, lililosafiri uwanja mzima na kurudi.

Hakuna aliyegeuka. Mia nne wakiwa wametazama mbele, kama picha. Nilihisi baridi ikipanda kutoka kwenye nyasi hadi magotini, nikafikiri: basi, ndivyo ilivyo. Kilichokuwa changu kilikuwa cha mstari wa Mpangilio tu.

Ndipo kutoka safu ya Kipengere kikatoka: mkoromo mkavu, wa pili, wa tatu, halafu maji.

Hakuna aliyekiandika kile kicheko. Nimelipitia fungu lile la Mpangilio, najua. Odilia mwenyewe aliziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anashangaa kimetokea wapi. Restituta alimshika bega.

"Nani huyo?" akanguruma Mwalimu Ngailo.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema.

"Wewe ulikoroma. Nauliza nani kacheka." Alitushushia macho mmoja baada ya mwingine, akasita kidogo, na mkono wake ukapanda wenyewe ukagusa kola, pale penye unyasi. "Wote wawili. Mabandani. Mkafagie."

Kwa hiyo tulisimama pale, kila mmoja na fagio lake. Nguruwe walikuwa wamepungua wawili, na jikoni palikuwa pananukia sherehe. Odilia alifagia upande wake vizuri mpaka alipofika pembeni, penye majani yaliyobonyea. Akasimama. Palikuwa na shimo kubwa na shimo dogo kando yake.

"Hapa kuna mtu alikaa," alisema, akapazunguka bila kupakanyaga.

Kengele ya chai ya walimu ikalia. Huko ofisini, chini ya mstari wa Mwalimu Ngailo, Bi. Luvanda alikuwa ametuweka mmoja juu ya mwingine, kisha akatukunja. Tulikuwa na muda mpaka saa kumi.

"Kwani wewe nani?" aliuliza Odilia.

"Ikupa," nikasema. "Jaribu kulikumbuka mwenyewe."